Ukimya wa Mwenye Mfumo: Historia ya Kufungiwa Akaunti katika Huduma za Malipo

Utangulizi

Katika mikataba ya kampuni zinazopitisha malipo, kinachofungwa ni akaunti, mtu hatajwi. Kiswahili cha sokoni kinalitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Gikomba anapokutwa na mkasa huo husema kwamba amefungiwa. Kauli hiyo ya kutendewa inamrudisha mtu katikati ya tukio: yupo aliyefunga, na yupo aliyeachwa nje ya mlango huku fedha zake zikiwa ndani. Makala haya yanafuatilia historia ya mlango huo, kuanzia kadi za benki za Marekani hadi mashauri ya Reykjavík na Nairobi, yakiuliza swali moja: ni kwa njia gani aliyefungiwa alipata, au alikosa, haki ya kuelezwa sababu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukimya wa kampuni za malipo ulikuwa na chanzo halali. Ulianza kama kinga dhidi ya matapeli, na bila kinga hiyo kampuni kadhaa zingekufa zingali changa. Tatizo la kihistoria lilijitokeza baadaye, pale kinga hiyo iliporithiwa na mashauri ambayo hayakuwa na tapeli ndani yake wala siri ya kulinda. Mara nyingi aliyelazimisha ukimya uvunjwe alikuwa mtu wa nje ya kampuni: hakimu, mtunga sheria, na katika miaka ya karibuni, sheria za taarifa binafsi ambazo hazikutungwa kwa ajili ya malipo hata kidogo.

Deni linaloshuka ngazi

Mwezi Septemba 1958 Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Benki ilitarajia kwamba asilimia 4 ya wateja wangechelewa kulipa. Waliochelewa walifikia asilimia 22, na wizi wa kadi ukaongezeka juu yake. Mpango huo ulikabidhiwa mwaka 1970 kwa umoja wa benki ulioongozwa na Dee Hock, na mwaka 1976 ukachukua jina la Visa. Kwa historia ya kufungiwa akaunti, muundo ulioachwa na umoja huo una uzito kuliko hasara ya Fresno. Muuzaji dukani hakuwa na mkataba na mtandao wa kadi. Mkataba wake ulikuwa na benki iliyompokelea malipo, na benki hiyo ndiyo iliyokuwa mwanachama wa mtandao. Kanuni zilitungwa juu, lakini zilimfikia muuzaji kupitia mdomo wa mtu mwingine.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilimpa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga malipo yenye kasoro, na kanuni za mitandao zikajenga juu ya haki hiyo utaratibu wa kumrudishia fedha. Fedha zilizorudishwa zilipaswa kutoka mfukoni mwa mtu. Mtandao uliidai benki ya muuzaji, benki ikamdai muuzaji, na kama muuzaji alikwisha kutoweka, hasara ilibaki kwa benki. Hofu ya kubaki na deni la mtu aliyetoweka ndiyo chimbuko la karibu kila kifungu cha mkataba kinachoiruhusu kampuni ya malipo kusimamisha akaunti papo hapo na kushikilia salio. Kifungu hicho kinaonekana cha kibabe kikisomwa peke yake. Kikisomwa sambamba na muda wa kupinga malipo, ambao kwa kawaida hufikia siku 120, kinaeleweka: fedha zilizoingia leo zinaweza kudaiwa miezi minne baadaye. Siku 180 ambazo PayPal ilikuja kuziweka katika mkataba wake, kama muda wa juu wa kushikilia salio la akaunti iliyofungwa, zinatokana na hesabu ya namna hiyo.

Ndani ya muundo huohuo likazaliwa daftari la waliofukuzwa. Benki inayovunja mkataba na muuzaji kwa sababu kama wizi, utakatishaji wa fedha au wingi wa malipo yaliyorudishwa huliandika jina lake katika orodha inayotunzwa na Mastercard, ijulikanayo kwa jina la MATCH, na benki nyingine hulitazama daftari hilo kabla ya kumpokea mteja mpya. Jina hukaa humo miaka mitano. Muuzaji anaweza asijue lolote mpaka benki ya pili imkatalie, na ya tatu, na akitaka jina lake liondolewe anaelekezwa arudi kwa benki ileile iliyoliandika. Waswahili wanaifahamu kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani.

Kwa nini ukimya ulihitajika

Kampuni ya Confinity ilianzishwa mwishoni mwa 1998 na Max Levchin, Peter Thiel na wenzao. Mwezi Machi 2000 iliungana na X.com ya Elon Musk, na huduma yao ya PayPal ikaenea upesi miongoni mwa watu waliokuwa wakiuza vitu vyao katika mnada wa eBay. Wengi wa wauzaji hao walikuwa wadogo mno kiasi kwamba hakuna benki ambayo ingewapa akaunti ya kupokea kadi. PayPal iliwafungulia njia kwa kusimama yenyewe mbele ya mitandao ya kadi kama muuzaji mmoja mwenye mamilioni ya wauzaji mgongoni mwake. Ilichukua hatari yao yote, na ilifanya hivyo bila kuwaona ana kwa ana.

Wezi waliliona pengo hilo mapema. Mwizi alifungua akaunti mbili, moja ya mnunuzi kwa namba ya kadi iliyoibwa na nyingine ya muuzaji. Alijilipa mwenyewe kisha akahamishia fedha benki. Wiki kadhaa baadaye mwenye kadi alikana malipo, na PayPal ikabaki inadaiwa na mtandao. Kati ya Julai na Oktoba 2000 peke yake, hasara iliyotokana na malipo ambayo wenye kadi hawakuyaidhinisha ilifikia dola milioni 5.7. Mtandao wa MasterCard nao uliitoza kampuni faini kwa kuwa malipo yaliyorudishwa yalizidi kiwango. Novemba 2000 maofisa wa FBI waliwavutia vijana wawili wa Chelyabinsk, Urusi, hadi Seattle kwa ahadi ya kazi na kuwakamata. Miongoni mwa mambo waliyohusishwa nayo ni matumizi ya kadi zilizoibwa kupitia PayPal na eBay.

Ikumbukwe hapa kwamba PayPal yenyewe ilikuwa katika hatari ya kufungiwa. Laiti MasterCard au Visa ingeikata, wauzaji wake wote wangekatwa nayo siku hiyohiyo. Kampuni iliyokuwa ikiwaadhibu wauzaji wadogo ilikuwa ikiadhibiwa na mkubwa wake kwa makosa ya hao hao wadogo. Ukali wa PayPal kwa watu wa chini hauwezi kuelezwa vizuri bila kuitazama ngazi iliyokuwa juu yake.

Jibu la Levchin na wenzake lilikuwa programu waliyoiita Igor, kwa jina la tapeli mmoja wa Kirusi aliyekuwa akiwadhihaki. Mashine ilipanga miamala na kuonyesha ile yenye dalili za wizi, kisha wachunguzi wa kibinadamu wakaamua. Utaratibu huo ulidai mambo mawili. La kwanza ni kasi: fedha zikishatoka kwenda benki ya mbali hazirudi, kwa hiyo akaunti husimamishwa kwanza na maswali hufuata. La pili ni usiri. Kumweleza mwizi kwamba amenaswa kwa sababu akaunti zake tano zilifunguliwa kwenye kompyuta moja ni kumfundisha atumie kompyuta tano. Kwa mwizi, kila maelezo ni somo.

Lakini dalili za wizi zinafanana na dalili za biashara inayokua. Muuzaji ambaye mauzo yake yanapanda ghafla kabla ya Krismasi, aliyehamia anwani mpya, anayepokea malipo kutoka majimbo ambayo hajawahi kuyauzia, anafanana na tapeli katika kila kipimo ambacho mashine inaweza kukisoma. Watu wa namna hiyo walikuwepo, na barua pepe zao zililimbikana bila majibu hadi kampuni ikafungua kituo cha kuhudumia wateja huko Omaha, Nebraska, mwaka 2000. Kwao ukimya haukuzuia wizi wowote. Ulikuwa gharama waliyolipishwa kwa ajili ya wizi wa wengine, bila kuambiwa kwamba wanalipishwa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo katika malalamiko ya wateja huchanganywa. Kushikilia fedha kwa muda unaoweza kuhesabika kuna hoja inayohesabika nyuma yake. Kukataa kutoa sababu hakuna kipimo cha aina hiyo. Hakuna siku ya 120 ambayo baada yake siri inakwisha, na kwa sababu hakuna kikomo, kampuni haikuwahi kuwa na msukumo wa ndani wa kukitafuta.

Kesi ya Comb

Wateja waliposhitaki, PayPal haikujibu kwanza juu ya kufungiwa kwao. Ilijibu kwamba mahakama haikuwa na kazi hapo. Mkataba wa mtumiaji ulisema migogoro ipelekwe kwa usuluhishi wa faragha katika Kaunti ya Santa Clara, California, kila mteja peke yake, na kwa gharama ambazo mteja naye angezichangia. Mkataba huohuo uliiruhusu kampuni kushikilia fedha zinazogombaniwa mpaka yenyewe iamue, na kubadili masharti wakati wowote kwa kuyabandika kwenye tovuti.

Jaji Jeremy Fogel wa mahakama ya shirikisho ya California Kaskazini alitoa uamuzi tarehe 30 Agosti 2002 katika kesi ijulikanayo kama Comb dhidi ya PayPal, na akakataa kukitekeleza kifungu hicho cha usuluhishi. Hoja yake haikusimama juu ya kama wateja walikuwa wezi au la. Alitazama umbo la mkataba: upande mmoja uliushikilia mpini, na upande wa pili ukaachiwa makali. Wastani wa muamala ulikuwa dola 55 hivi. Mtu aliyepoteza dola 55, au hata mia kadhaa, hawezi kusafiri hadi California na kulipa msuluhishi ili azirudishe. Kwa hiyo haki iliyoandikwa katika mkataba haikuwa na njia ya kudaiwa, na mahakama iliona kwamba mpango wa aina hiyo hauwezi kuhesabiwa kuwa makubaliano ya haki.

Kesi haikufika mwisho wa kusikilizwa. Mwaka 2004 PayPal, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 9.25 kumaliza madai ya kundi zima la wateja. Nyuma ya madai hayo ilikuwepo sheria ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kwa njia ya elektroniki, inayoitaka taasisi ya fedha ichunguze kosa lililoripotiwa ndani ya siku 10 za kazi, au ichukue hadi siku 45 kwa sharti la kumrudishia mteja fedha hizo kwa muda. Ugomvi wa miaka ya mwanzo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, juu ya kama kampuni ya intaneti isiyo benki inafungwa na saa ya kibenki.

Ushindi huo haukudumu kama wengi walivyotarajia. Tarehe 27 Aprili 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la AT&T Mobility dhidi ya Concepcion, ilisema kwamba sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 inazizuia mahakama za majimbo kukataa vifungu vinavyomlazimisha kila mteja adai peke yake. Mwaka uliofuata PayPal iliweka upya kifungu cha usuluhishi katika mkataba wake, ikawapa watumiaji nafasi ya kujitoa kwa kutuma barua ya karatasi kabla ya tarehe 1 Desemba 2012. Mlango uliofunguliwa na Comb ulirudishiwa, na safari hii kwa baraka za mahakama ya juu kabisa.

Shauri lisilo na siri

Hadi hapo mtetezi wa kampuni angeweza kusema kwamba ukimya, hata ukiwaumiza wasio na hatia, unalinda jambo. Tukio la Desemba 2010 ni muhimu kwa sababu linauweka utetezi huo kwenye mizani tupu. WikiLeaks ilianza kuchapisha nyaraka za kidiplomasia za Marekani tarehe 28 Novemba 2010. Ndani ya siku 10 hivi, PayPal ilikuwa imeifungia akaunti ya Wau Holland Stiftung, mfuko wa Ujerumani uliokuwa ukiikusanyia michango, na MasterCard na Visa zilikuwa zimesitisha malipo ya kadi. Hakukuwa na kadi iliyoibwa. Hakukuwa na wachangiaji waliokana malipo yao. Anayefungiwa alijulikana dunia nzima, na jambo alilolifanya lilikuwa ukurasa wa mbele wa kila gazeti. Hapakuwa na dalili ya siri ambayo kuitaja kungemfundisha yeyote wizi.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za jumla. PayPal ilitaja sera yake inayokataza kuhamasisha au kuwezesha shughuli haramu. Afisa wake mmoja alisema mkutanoni Paris kwamba uamuzi ulizingatia barua ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Baadaye ikafafanuliwa kwamba barua hiyo, ya tarehe 27 Novemba, iliandikwa kwa WikiLeaks na wala haikuelekezwa kwa PayPal. MasterCard nayo ilitaja kanuni yake dhidi ya vitendo haramu, wakati hakuna mahakama iliyokuwa imetamka kwamba kuna kitendo haramu. Visa ilisema inasimamisha malipo ikisubiri uchunguzi. Kampuni ya Teller, ambayo Visa iliipa kazi ya kuchunguza, iliripoti Januari 2011 kwamba haikuona ushahidi wa kuvunjwa kwa kanuni za Visa wala sheria za Iceland. Zuio liliendelea. Uchunguzi ambao matokeo yake hayawezi kubadili uamuzi ni vigumu kuuita uchunguzi.

Kampuni ya Iceland iitwayo DataCell, iliyokuwa ikiipokelea WikiLeaks michango, ilipata njia mpya ya malipo ya kadi kupitia Valitor ya nchini humo Julai 2011. Njia hiyo ilifunguliwa tarehe 7 na kufungwa tarehe 8. DataCell ilikwenda mahakamani, na kwa busara haikuzishitaki Visa na MasterCard huko Reykjavík, kwa kuwa haikuwa na mkataba nazo. Iliishitaki Valitor, mwenye mkono uliouzima mtambo. Mahakama ya wilaya iliipa DataCell haki Julai 2012. Tarehe 24 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya Iceland ilithibitisha kwamba Valitor haikuwa na haki ya kuuvunja mkataba namna ile, ikaamuru njia ya malipo ifunguliwe ndani ya siku 15, la sivyo Valitor ilipe króna 800,000 kwa kila siku ya kuchelewa.

Kilichofuata ndicho sehemu yenye kufundisha zaidi katika historia hii yote, ingawa husimuliwa mara chache. Valitor ilitii amri, na papo hapo ikatoa notisi kwamba itausitisha mkataba kwa utaratibu wa kawaida kuanzia tarehe 1 Julai 2013. Mahakama iliweza kuzuia kufukuza bila haki, lakini haikuweza kumlazimisha mtu abaki katika mkataba milele. Hata hivyo notisi iliondolewa. Ndani ya muda ule wa kusubiri, swali lilirudishwa kwa MasterCard, na kampuni hiyo ikajibu kwamba haikuwa tena na sharti la kuzuia malipo hayo. Notisi ya wiki chache ilifanya kazi ambayo miaka miwili na nusu ya malalamiko haikuifanya: ilimlazimisha mwenye kanuni wa ngazi ya juu aseme, kwa jina lake, kama anataka zuio au halitaki. Alipotakiwa kusema, hakulitaka.

Mwezi Aprili 2019 Mahakama ya Wilaya ya Reykjavík iliiamuru Valitor ilipe fidia ya króna bilioni 1.2. Kiasi kikubwa kilikwenda kwa Sunshine Press Productions, kampuni ya WikiLeaks nchini humo, na kidogo kwa DataCell. Aliyelipishwa ni yule wa ngazi ya chini. Waliotunga kanuni hawakuwa wadaiwa katika shauri hilo.

Nairobi, 2015

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia yake yenyewe, kwa sababu mfumo wake mkubwa wa malipo haukujengwa juu ya kadi. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007 kwa barua ya Benki Kuu ya Kenya ya kutokuwa na pingamizi, na sheria mahususi ya mifumo ya malipo ilifuata mwaka 2011. Hapa mtunga kanuni, mwenye mtambo na mwenye mkataba na muuzaji ni kampuni moja. Ngazi zilizomficha mwamuzi katika mfumo wa kadi hazipo. Mfanyabiashara anayefungiwa anajua ni nani aliyemfungia, na hilo si jambo dogo.

Mwaka 2015 ulikuwa mgumu kwa watumaji fedha nchini Kenya. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili, lililoua watu 148, Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, nyingi zikihudumia jamii za Kisomali, na kusimamishwa huko kuliondolewa mwezi Juni. Katika hali hiyo ya tahadhari, mwezi Novemba Safaricom ilisimamisha huduma kwa Lipisha, kampuni iliyokuwa na namba za kupokelea malipo ya M-Pesa, kwa sababu BitPesa, mteja wa Lipisha, ilikuwa ikihamisha fedha kwa kutumia bitcoin bila leseni ya Benki Kuu. Lipisha na BitPesa zilikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2015 mahakama ilikataa kutoa amri za muda za kurejesha huduma. Kwa mtazamo wa awali wa mahakama, ilionekana kwamba BitPesa ilikuwa ikifanya biashara ya kutuma fedha bila idhini iliyotakiwa.

Ni rahisi kulisoma shauri hilo kama kushindwa kwa mdogo mbele ya mkubwa. Usomaji huo unakosa jambo. Tofauti na wateja wa PayPal wa mwaka 2000, na tofauti na DataCell, waombaji wa Nairobi walijua wanachotuhumiwa: leseni. Sababu iliyotajwa inaweza kubishaniwa, kupimwa kwa sheria, na kurekebishwa na anayetuhumiwa, ambaye anaweza kwenda kuitafuta leseni hiyo. Kwa kipimo cha sababu, Safaricom ilitenda vizuri kuliko PayPal na Visa. Kwa kipimo cha notisi, na cha nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba sheria imevunjwa, swali linabaki wazi. Mdhibiti wa leseni ni Benki Kuu, na kampuni ya simu ilitangulia kutekeleza adhabu kabla mdhibiti hajafanya hivyo.

Kenya ina chombo cha kisheria ambacho Marekani na Iceland hazikukitumia katika mashauri yaliyotajwa. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kiutawala kwa haki, na sheria ya mwaka 2015 ya kuitekeleza inataja waziwazi kwamba inazihusu pia taasisi zisizo za serikali, na mtu yeyote ambaye uamuzi wake unagusa haki au maslahi ya mwingine. Inadai notisi ya kutosha, nafasi ya kusikilizwa, na maelezo ya sababu. Ikisomwa kwa upana wake, sheria hiyo inaufikia mtambo wa malipo unaomilikiwa na kampuni binafsi bila kupitia mlango mwembamba wa mkataba ambao DataCell ililazimika kuupita.

Sababu kupitia mlango wa nyuma

Ulaya ilichukua njia ya kuhesabu siku. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 kuhusu huduma za malipo yalimtaka mtoa huduma anayesitisha mkataba usio na kikomo atoe notisi ya miezi miwili. Kanuni hiyo haikudai sababu. Nchini Uingereza pengo hilo lilionekana kwa kishindo Julai 2023, pale mwanasiasa Nigel Farage alipofungiwa akaunti na Coutts. Coutts ni benki, na shauri hilo si la kampuni ya malipo kwa maana finyu, lakini njia aliyopata sababu ndiyo inayohusika hapa. Farage hakuipata kwa sheria ya benki. Alitumia haki ya mtu kuomba taarifa zake binafsi, akapewa jalada la benki lililoonyesha kwamba misimamo yake ya kisiasa ilijadiliwa. Mkuu wa kundi la NatWest, lenye kumiliki Coutts, alijiuzulu mwezi huohuo.

Serikali ya Uingereza ilitunga kanuni mpya mwaka 2025. Kwa mikataba inayofungwa kuanzia mwisho wa Aprili 2026, mtoa huduma za malipo anatakiwa kutoa notisi ya siku 90 na maelezo ya kutosha ya sababu, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungegongana na sheria za kupambana na uhalifu. Isipokuwa hiyo ni nafasi ileile aliyoihitaji Levchin mwaka 2000. Tofauti ni kwamba sasa imeandikwa kama hali ya pekee, na nje ya mipaka yake kampuni inapaswa kusema. Ndani ya mipaka yake bado yupo msikilizaji: ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kifedha ya nchi hiyo inaruhusiwa kupokea ushahidi kwa siri, ikausoma bila mlalamikaji kuuona. Haki ya namna hiyo si kamili, lakini inamaliza hali ya kampuni kuwa msomaji pekee wa jalada lake.

Kenya ilipitisha sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zote mbili zinampa mtu haki ya kuomba taarifa zinazomhusu, na zote zinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Haki hizo ni za mtu wa nyama na damu. Lipisha na BitPesa, zikiwa kampuni, zisingeweza kuzidai. Mama mwenye duka la vitenge anayepokea malipo kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, akifungiwa kesho, anaweza kuandika barua na kuomba jalada lake.